Kete Zilizooshwa Beseni Moja

Walisema sitaweza. Naanza hapo kwa sababu nyinyi vijana wa Arua mnapenda kuanza na jina. Mnainua simu kabla hamjainua macho, mnapiga picha, halafu mnaniuliza, "Mzee, hii iko naitwa nani?" Jina huja mwisho. Kwanza ni waliosema sitaweza.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu Onzima, mume wa dada yangu Letasi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na anakaa Oli, karibu na mto. Habari zilipomfikia kwamba nimepata kazi pwani ya kuchambua konokono wa bahari waliogeuka mawe, alicheka mbele ya watu.

"Huyu?" alisema. "Huyu hata kuku ya mama yake ilikuwa inamshinda kujua. Inaingia kwa jirani, yeye iko anarudisha ya jirani. Sasa atajua konokono ya kufa?"

Nilipopata diploma, akasema diploma ya konokono ni sawa na cheti cha kuhesabu mvua. Nilipostaafu na kurudi nyumbani Pajulu, nikajenga nyumba ya tofali na kutundika diploma yangu ukutani ndani ya kioo, alikuja, akaisoma yote mpaka mhuri, akaniambia, "Shemeji, utahesabu meno ya konokono mpaka yako yatoke."

Meno yangu yapo. La nyuma moja halipo, nalo liling'oka kwa sababu ya mfupa wa mbuzi, si kwa sababu ya elimu.

Niliondoka hapa kijana, tulipokimbilia Kongo wakati wa vita, sina hata kiatu cha pili. Kutoka Kongo nilizunguka nchi za watu mpaka pwani, nikabeba mawe kwenye machimbo ya matumbawe. Hakuna mjomba aliyenipigia simu wala padri aliyeniandikia barua. Nilianza kwa kubeba jiwe, nikaishia kulisoma. Kati ya watu wote wa Pajulu ninaowajua, ni mimi peke yangu niliye na diploma ya kutunza visukuku. Kama yuko mwingine, aje, nimpe kauri tatu na lenzi, tuone.

Sasa nisikilizeni, maana nimechoka kulirudia jambo hili kila Jumamosi.

Kauri ni konokono. Si jiwe, si mfupa, si pesa. Pesa ilifanywa na watu. Gamba lilifanywa na konokono mwenyewe. Hapa Arua kila gamba la aina hiyo mnaliita simbi, na kwa kuwa simbi kwa jirani zetu Waganda ni fedha, mlinipa jina la Mzee wa Simbi. Matokeo yake ni kwamba tangu nirudi, watu wamekuja kwangu kukopa. Mtu ninayemjua kwa sura tu anakaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, anauliza habari za konokono kwa dakika mbili, halafu anasema mtoto amefukuzwa shule. Mmoja nilimwonyesha sanduku zima la visukuku. Akatazama, akasema, "Hii yote simbi, na unasema huna?"

Kauri mdogo hafanani na baba yake. Gamba lake ni jembamba, mdomo mpana mkali kama ukingo wa karatasi, na juu yake unaona ule mzunguko wa konokono wa kawaida. Akikomaa, mzunguko wa mwisho unaimeza mizunguko yote ya kwanza, mdomo unajikunja kwa ndani mpaka unabaki ufa mrefu, na pande zote mbili za ufa huo yanaota meno. Baada ya hapo haongezeki tena urefu. Anaongeza unene tu. Anapaka gamba lake kwa nje, maana nyama yake hutoka kama shuka mbili na kulifunika gamba kutoka kulia na kushoto. Pale shuka mbili zinapokutana mgongoni, mara nyingi unabaki mstari. Ndiyo maana kauri hung'aa: hakuna siku ameachwa wazi apigwe na mchanga.

Meno hayo hayaumi. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa najibu kabla halijaulizwa.

Aliyenifundisha haya alikuwa Fundi Athumani, mzee wa pwani aliyekuwa akisafisha visukuku katika ghala tulikokuwa tukipeleka mawe. Vyombo vyake vilikuwa patasi ndogo, sindano ya shazia ya kushonea magunia, na mswaki mkuukuu. Siku yangu ya kwanza alinipa kauri wawili wa mawe, akaniambia nimweleze tofauti yao. Nikasema mmoja mweupe, mwingine wa kijivu.

"Kijana wa bara," alisema, "usinitajie rangi. Rangi ni ya walio hai. Huyu amelala ndani ya jiwe tangu babu ya babu yako hajafikiriwa. Rangi unayoiona ni ya jiwe. Geuza tumbo. Anza na meno."

Basi nikageuza tumbo. Na hiyo ndiyo elimu yote, vijana, ingawa mimi ilinichukua nusu ya umri kuimaliza. Kisukuku kimepoteza rangi, madoa na mng'aro, vile vitu vyote ambavyo nyinyi mnapigia picha. Kinachobaki ni umbo. Kwa hiyo unatazama meno ya mdomo wa nje na ya mdomo wa ndani: ni marefu yanayotambaa tumboni, au mafupi yanayoishia ukingoni? Yamebanana au yameachana? Unatazama kingo: zimevimba, zina nundu, au ni laini? Unaliinamisha gamba kwenye mwanga, unachungulia ndani ya ufa, upande wa mbele wa mdomo wa ndani. Hapo kuna kishimo kidogo. Katika jamii nyingine ni kipana na kina meno ukingoni, katika nyingine ni chembamba, katika nyingine hakipo kabisa. Wengi hukisahau kishimo hicho. Mimi sikisahau. Na mikunjo ikitoka mdomoni ikapanda mpaka juu ya mgongo, kabla hujashangilia, jiulize kama huyo ni kauri kweli au ni ndugu wa mbali anayejifanya kauri. Wapo wengi, kama wapo watu wanaojifanya wana diploma.

Nimekosea mara moja tu katika kazi, na hata hapo kosa lilikuwa la konokono. Nilikuta magamba membamba yasiyo na meno, nikayatenga kwenye kisanduku chao kama ukoo mwingine. Fundi Athumani alikifungua, akayatazama, akaniuliza, "Mwanao akizaliwa hana meno, utamwandika si binadamu?" Walikuwa watoto wa kauri wale wale waliokuwa kwenye kisanduku cha jirani. Kuanzia siku hiyo kila ninapoona gamba lisilo na meno nauliza umri kwanza.

Jambo jingine alilonifundisha lilikuwa la magamba yasiyokuwepo. Mvua inapopita kwenye matumbawe kwa muda mrefu, hula gamba lote. Ukipasua jiwe unakuta uwazi, na kwenye kuta za uwazi ule umebaki mchoro wa kauri: mviringo wake, kingo zake, pengine hata meno. Mimi nilikuwa nikiyatupa mawe ya namna hiyo. Yeye akiyaokota.

"Mwenye nyumba kahama na nyumba imeanguka," akasema, "lakini ukuta wa jirani bado una alama ya paa lake. Hapo usitafute gamba. Tafuta alama."

Lishikeni neno hilo. Nililishika mimi, halafu nikalisahau pale lilipohitajika, na nusura niaibike kule Koboko.

Ilikuwa hivi. Kanisa moja upande wa Ombaci lilinipa ukumbi wao kwa siku moja niwaonyeshe wanafunzi visukuku vyangu. Nilitaka waone pia kauri wa karne zetu, ili wafananishe. Nilikuwa na wachache niliowaokota ufukoni mwenyewe na kuwasaga migongo, lakini nilitaka zile kete za hapa, magamba ya kauri yaliyotembea kutoka bahari mpaka West Nile mikononi mwa watu. Kwa hiyo, badala ya watu kukopa kwangu, nikaenda mimi kukopa kwa watu.

Papa Kasongo, mfanyabiashara wa Kikongo anayeuza vitenge sokoni Arua, alinipa kete za shanga ya marehemu mama yake. Shemeji Onzima alinipa moja, ya baba yake, iliyokuwa inakaa kwenye mkebe wa tumbaku. Aliitoa ili aone nitakavyoipoteza. Alisema hivyo waziwazi. Na kule Koboko, Mama Hawa, bibi wa Kinubi ambaye mumewe nilifahamiana naye tukiwa wakimbizi, alinipa kete chache zilizoachia uzi kwenye mkanda wa ngozi wa bibi yake. Kila binti wa ukoo wao huvaa mkanda ule siku ya kupakwa hina. Mjukuu wake Zubeda alikuwa anakaribia kuolewa.

"Onyesha watoto yako ya shule," aliniambia Mama Hawa. "Lakini kabla ya hina ya Zubeda, nataka kushona. Na usiniletee kete nzuri, mwanangu. Mimi nataka kete yangu."

Nilimwambia mimi ni mtaalamu. Nilifunga kila kete kwa uzi wenye kikaratasi cha jina la mwenyewe. Maonyesho yakafanyika, yakapendeza, ingawa kijana mmoja aliuliza kama kisukuku kinaweza kupandwa. Nikarudi Pajulu, nikaweka kila kitu mezani, visukuku na kete za watu, kila kimoja na kikaratasi chake, nikaenda mjini kutafuta pamba ya kufungia.

Dada yangu Letasi alikuwa amekuja kunitembelea.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Sufuria ya mtu hairudi na masizi. Kikapu cha mtu hakirudi na vumbi, wala hakirudi kitupu. Dada aliona mezani vitu vya watu vimezeeka, vimefungwa makaratasi kama dawa ya hospitali, akaona aibu kwa niaba yangu. Niliporudi nilimkuta uani na beseni kubwa. Alikuwa ameng'oa nyuzi zote, ametia sabuni, amesugua, amesuuza, na sasa alikuwa anapaka mafuta ya simsim, moja baada ya nyingine, akiimba wimbo wa kwaya. Vyote vilikuwa beseni moja. Visukuku vyangu, kete zangu za ufukoni, za Papa Kasongo, za Mama Hawa, na ile ya mumewe mwenyewe.

"Dada," nilisema, "makaratasi yako wapi?"

"Ile uchafu? Nimetia kwa moto."

"Letasi. Yale ndiyo yalikuwa yanasema kete ni ya nani."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini wewe si umesoma?"

Aliyasema hayo bila nia mbaya, mkono wake umejaa mafuta.

Shemeji alipata habari kabla sijanawa. Alikuja kutoka Oli, akakaa kwenye kiti changu, akatazama beseni kwa furaha kubwa.

"Basi, Bwana Diploma. Kuku ya mama yako imeingia kwa jirani."

"Nitazitenga."

"Utatenga namna gani? Kete ni kete. Ile bibi ya Koboko ukimpelekea ya uongo, harusi itaharibika, na jina lako litafika mpaka Kaya huko Sudan. Mimi nitakwenda na wewe. Nataka kuona kwa macho."

Nikamwambia aje. Nikahamisha meza barazani penye mwanga, nikatoa lenzi, nikaanza na meno.

Kumbukeni, kete hizi zilikuwa zimekatwa migongo. Watu wetu hawashoni kete nzima. Huuondoa mgongo ili kete ilale bapa, meno yatazame nje. Mgongo ukiondoka, umepoteza ule mviringo wa rangi ya dhahabu, tunaouita pete, ambao wanafunzi wote huutafuta. Rangi nayo ilikuwa imeondolewa na miaka, na iliyobaki dada aliimaliza kwa sabuni. Kwa maneno mengine, kete hizi hazikuwa na mgongo, rangi wala mng'aro wa kweli. Zilikuwa kama visukuku. Na nani hapa Arua anaweza kusoma visukuku? Sihitaji kumtaja.

Kwanza nilitenga aina mbili. Ziko kete zenye kingo za nundu, pana, zenye pembe pembe. Hizo kitaalamu huitwa Monetaria moneta. Na ziko za kingo laini, za mviringo, ambazo zikiwa nzima zina ile pete mgongoni. Hizo ni Monetaria annulus. Shanga ya mama yake Papa Kasongo ilikuwa na nundu zote, nilikumbuka nilivyozishika. Tena migongo yake ilitobolewa kwa msumari, ukingo umemeguka kama sahani iliyoanguka. Kete za mkanda wa Mama Hawa zilikuwa za pete, zimesagwa juu ya jiwe polepole mpaka ukingo ukawa laini kama kucha.

Sasa visukuku. Kisukuku cha matumbawe kimeliwa na maji kidogo kidogo, kina vitundu visivyoonekana. Tukiwa kazini tunakigusa kwa ulimi: kikishika ulimi, ni cha zamani. Niliwahi kufanya hivyo sokoni Arua kwa kete ya mwanamke mmoja, na mpaka leo wako wanaosema nakula udongo kama mama mjamzito. Safari hii ulimi haukufaa, kila kitu kilionja simsim. Lakini mafuta yenyewe yalinisaidia. Visukuku vilikuwa vimeyanywa, vikawa vyeusi. Kete za karne zetu, zenye ngozi ngumu ya kung'aa, mafuta yalilala juu tu, ukifuta yanatoka. Kwa hiyo zilizokunywa niliziweka upande wangu, zisizokunywa upande wa watu. Nilifurahi. Nilimwita dada nimweleze kwamba kosa lake limekuwa msaada wa kisayansi. Akasema, "Basi mimi pia nipe diploma."

Ya shemeji ilikuwa rahisi. Niliiweka mbele yake pamoja na nyingine mbili, akachagua haraka ile nyeupe inayong'aa.

"Hii ya baba."

"Hapana. Hiyo niliiokota mwenyewe ufukoni. Ya baba yako ni hii mbaya. Chungulia katikati ya meno."

Alichungulia. Kati ya jino na jino, mahali ambapo sabuni ya Letasi haikufika, kulikuwa na weusi mwembamba. Nilichokoa kwa ncha ya sindano nikampa anuse. Alinusa mara mbili. Tumbaku. Aliifunga kete ndani ya leso, na siku ile hakunitania tena mpaka jioni.

Papa Kasongo naye hakuhitaji maelezo. Alizitia kete kwenye uzi, moja baada ya nyingine, akazisugua kwenye kiganja, akasema, "Njo zenyewe, papa. Mutu hadanganyiwe na kitu ya mama yake."

Ikabaki Koboko.

Tulikwenda siku moja kabla ya hina, mimi na shemeji. Nilibeba kete za Mama Hawa mfukoni, na visukuku vyangu vyote nikavibeba kwenye beseni lile lile, maana dada alikuwa bado Pajulu na mafuta yalikuwa hayajaisha, na sikutaka avipake tena. Juu ya visukuku yeye aliweka kifurushi cha simsim ya kusaga, ili mkono usiende mtupu.

Nyumba ya Mama Hawa ilijaa wanawake. Zubeda alikuwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, shangazi zake wakibishana juu ya michoro. Mama Hawa alinipokea, akapokea simsim, akaufungua mkanda mapajani na kushika sindano. Macho yake hayaoni vizuri. Alifanya kila kitu kwa vidole. Alichukua kete ya kwanza, akaizungusha juu ya ngozi mpaka ikakaa. Akashona. Ya pili ikakaa. Akashona. Alipofika mwisho wa mkanda, kete ya mwisho niliyompa ilicheza. Akaigeuza. Ikacheza tena.

"Hii si yangu," alisema.

Shemeji alikohoa kidogo, kile kikohozi cha mwalimu anayejua mtoto hajafanya kazi ya nyumbani.

"Mama," nilisema, "ni aina ile ile. Meno ni yale yale, kingo ni zile zile, mgongo umesagwa."

"Mimi sikuuliza aina. Nimesema si yangu."

Zubeda aliinua uso. "Bibi, si tushone tu? Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Mama Hawa. "Na wewe utakuwa umevaa uongo."

Nilipiga magoti, nikautazama mkanda. Mwisho ule ngozi ilikuwa tofauti, ngumu kama mti. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba wakati wa vita, kabla ya kukimbilia Kongo, mama yake alitia mkanda kwenye chungu na kuuzika jikoni. Waliporudi baada ya miaka, maji yalikuwa yameingia chini ya chungu. Ncha moja ya mkanda ilikuwa imelala ndani ya maji na udongo. Ilipokauka, ikakauka hivyo.

Ngozi iliyolowa, vijana, ni tope, inashika alama ya kilichoilalia. Na kwenye ngozi ile, pale palipokuwa wazi, palikuwa na alama: mviringo wa kina, usio sawa, upande mmoja umebonyea kidogo, kama uwazi unaobaki kwenye jiwe gamba linapokwisha. Nilisikia sauti ya Fundi Athumani kana kwamba amekaa kwenye mkeka na wale shangazi. Hapo usitafute gamba. Tafuta alama.

Na nikaelewa nimefanya nini. Kete iliyolala miaka ardhini, ndani ya maji, ngozi yake ngumu imeliwa. Ingekunywa mafuta. Ingekuwa nyeusi. Ningeiweka upande wangu.

Nililivuta beseni. Baadhi ya visukuku vyangu vya pete nilivisaga migongo mwenyewe miaka mingi iliyopita, ili wanafunzi waone ndani, kwa hiyo ukingo uliosagwa haukunisaidia kitu. Sikutazama meno wala kishimo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi niligeuza kete tumbo juu na kutazama upande usio na kitu, ule mviringo wa mahali ambapo mgongo haupo. Nilijaribu moja, haikukaa. Nyingine, ndefu mno. Wanawake walikuwa wamesogea. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake.

Ile iliyofuata ilikuwa na ubonyeo mdogo upande mmoja, mahali ambapo msagaji wa zamani alisukuma mkono kupita kiasi. Nilimpa Mama Hawa, sikuiweka mwenyewe. Aliizungusha kwa kidole gumba juu ya ngozi. Ilizama. Haikucheza.

Alipitisha uzi, akavuta, akakata kwa meno. Halafu alipitisha kiganja juu ya mkanda wote, kutoka ncha mpaka ncha, taratibu, na kuuweka mapajani mwa mjukuu wake.

"Hii nyeusi itaonekana," alisema Zubeda.

"Ionekane," alisema Mama Hawa. "Ilikaa chini kwa ajili yenu."

Aliniuliza ile nyingine ni ya nani, ile iliyocheza. Nikasema ni yangu, ya ufukoni. Akanirudishia mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake kama mtu anayelipa. Halafu akamwita msichana amwage simsim kwenye bakuli, akatia sukari na majani ya chai ndani ya kitambaa kile kile, akakiweka ndani ya beseni langu. Mkono haurudi mtupu kwake pia.

Tulitoka nje kusubiri gari la kurudi Arua. Nilikaa ukingoni mwa barabara na beseni kati ya miguu. Ndani yake hapakuwa tena na kitu cha mtu. Vilikuwa visukuku vyangu tu, vyeusi kwa mafuta ya dada, na sukari ya Mama Hawa. Sikudaiwa na mtu yeyote, Arua wala Koboko.

Nilingoja shemeji aseme. Nilikuwa nimeandaa majibu kadhaa mazuri, lile la kuku likiwa la kwanza. Lakini yeye alichuchumaa, akatia mkono ndani ya beseni, akatoa kisukuku kimoja kikubwa na kukifuta kwenye suruali.

"Shemeji," alisema, "hii iko naitwa nani?"

Jina lilikuwa ulimini. Nilimwazima lenzi.

"Geuza tumbo," nikamwambia. "Anza na meno."